Uhura Hana Kazi: Maoni ya Mtazamaji wa Tamthilia za Anga

Mjomba wangu ndiye anayenilipia minerval, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Jumapili moja baada ya chakula aliweka simu yake mezani, akaisomea sentensi moja ya Kifaransa, nayo ikaitoa kwa Kichina. Akanigeukia: «Mwana, sasa weye unasoma ma-luga ju ya nini? Telefone yangu iko nayua yote.» Watu wote walicheka. Nilicheka pamoja nao, maana jibu sikuwa nalo.

Usiku uleule tulikuwa watu sita mbele ya kompyuta moja, chumbani kwa mwenzetu ambaye betri yake hudumu kuliko za wengine. Tulikuwa tunatazama Star Trek, nakala iliyotiwa sauti za Kifaransa. Nahodha alikutana na viumbe wa nyota ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuifikia, nao wakaanza kuongea papo hapo, sarufi safi, hata nyakati ngumu za vitenzi hawakuzikosea. Hakuna aliyeshangaa chumbani. Sisi sita, wanafunzi wa lugha, wana wa nchi yenye lugha zaidi ya 200, tuliona ni kawaida tu. Ndipo nilipomkumbuka mjomba. Hajawahi kutazama tamthilia hizi hata siku moja, lakini hoja yake ni yao.

Sisemi haya kama adui. Bunilizi za kisayansi za televisheni nazitazama tangu shule ya sekondari, na kasoro zao nyingi nazisamehe bila shida. Milipuko hupiga kelele angani mahali pasipo na hewa ya kupitisha sauti. Wageni wa mbali hufanana nasi kwa kila kitu isipokuwa mikunjo ya paji la uso, kwa sababu kubandika mpira usoni kunagharimu kidogo kuliko kuunda kiumbe kizima. Meli za anga hukutana zote zikiwa zimesimama upande mmoja, kana kwamba anga lina sakafu. Hayo ni mambo ya bajeti na muda. Kasoro ninayotaka kuizungumzia katika jarida la kitivo chetu ni nyingine, na inatugusa sisi kuliko wenzetu wa fizikia: tamthilia hizi huichukulia lugha kama tatizo lililokwisha kutatuliwa. Na nguvu yao kubwa, kwa maoni yangu, huonekana katika zile saa chache zinapothubutu kuizima mashine.

Tuanze na mashine yenyewe. Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Katika msimu wa kwanza hakuna aliyejisumbua sana kueleza kwa nini galaksi nzima inaongea Kiingereza. Maelezo yalikuja mwaka 1967, katika sehemu iitwayo «Metamorphosis». Nahodha Kirk anashika kifaa mkononi na kueleza kwamba viumbe wote wenye akili wana mawazo fulani ya pamoja. Kifaa kinalinganisha mawimbi ya ubongo, kinachagua mawazo kinayoyatambua, kisha kinaongezea sarufi inayohitajika. Msomaji mwenzangu, irudie sentensi hiyo taratibu. Mawazo yako tayari, sarufi inanyunyizwa mwishoni kama chumvi. Mwalimu yeyote wa isimu katika kitivo hiki angemrudisha Kirk mwaka wa kwanza.

Waingereza nao wana mashine yao. Katika Doctor Who, chombo cha Daktari, TARDIS, huingia kichwani mwa abiria na kumfasiria kila kitu. Mwaka 2005, tamthilia ilipofufuliwa, msichana Rose aligundua jambo hilo akakasirika: kimeingia kichwani mwake bila kumwomba ruhusa. Nilipenda sana hasira ile. Ni swali zito, nani anaruhusiwa kukaa kati ya sikio langu na maneno ya mwenzangu, lakini halikudumu hata dakika tatu. Kulikuwa na jua la kulipuka, wakaenda kulitazama.

Najua watanijibu nini. Watasema sehemu moja ya tamthilia ina dakika hamsini tu; nahodha akitumia arobaini kujifunza salamu, hadithi itakufa. Ni kweli. Na sisi wenyewe, katika ngano tulizosimuliwa utotoni, Sungura humdanganya Simba bila mkalimani, wala hakuna mtoto aliyewahi kumkatiza bibi na kumuuliza wanyama hao wanaongea lugha gani. Uongo wa namna hiyo unaruhusiwa, ni mlango wa kuingilia. Ugomvi wangu unaanza pale mlango unapomwangukia mtu. Mtu huyo nitamtaja kwa jina, kwa sababu jina lake limetoka kwetu.

Luteni Uhura ni ofisa wa mawasiliano wa meli Enterprise. Aliigizwa na Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022. Jina lake limechukuliwa katika neno uhuru. Irabu ya mwisho ikabadilishwa kuwa a ili lisikike la kike. (Wabunifu wake hawakujua kwamba Kiswahili hakina jinsia ya kike wala ya kiume, na kwamba irabu a haimfanyi mtu kuwa mwanamke. Tuyaache.) Kiswahili kinahesabiwa kuwa lugha yake ya mama. Katika sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa, kiumbe kinachokula chumvi za mwili wa binadamu kinajigeuza mwanamume mweusi na kumsogelea Uhura kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, mashine moja inamfutia kumbukumbu yote, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, Kiswahili kinamtoka mdomoni. Kwa televisheni ya Marekani ya miaka ile hilo si dogo. Kiswahili hicho kina lafudhi ya ajabu, nakubali, lakini kipo, na kinaonyeshwa kuwa kitu kinachobaki wakati mengine yamefutwa.

Halafu angalia kazi yake. Ofisa wa mawasiliano katika meli yenye mashine inayojua lugha zote anafanya nini? Anabonyeza kitufe na kutangaza kwamba njia iko wazi. Miaka mitatu, sehemu 79, anatangaza kwamba njia iko wazi. Mashine ilimnyang'anya kazi kabla hajaanza. Mwaka 1991, katika filamu ya sita ya Star Trek, hatimaye alipewa nafasi ya kusema Kiklingoni, kwa sababu mashine ingewasaliti kwa adui. Wakamwonyesha akipekua vitabu vizee na kubabaisha maneno mbele ya wenzake, tukio la kuchekesha watu. Nichols mwenyewe hakulipenda: ofisa wa mawasiliano wa cheo kile angeijua lugha ya adui mkuu. Alikuwa na haki. Fikiria tabibu wa meli akipekua kitabu kutafuta moyo uko upande gani.

Aibu hiyo haikuwa ya Uhura peke yake. Katika Enterprise, iliyoonyeshwa kati ya 2001 na 2005, kuna Hoshi Sato, mwanaisimu hasa, aliyechukuliwa melini kwa sababu mashine bado ni changa na inakosea. Mwanzoni nilifurahi sana. Kadiri misimu ilivyosonga mbele mashine ilikomaa, na Hoshi akabaki kukaa kwenye kiti chake. Ni Strange New Worlds tu, iliyoanza mwaka 2022, iliyojaribu kulipa deni. Humo Uhura ni mwanafunzi wa jeshi la anga, mzaliwa wa Kenya, anajua lugha 37, na anaeleza mezani kwa nahodha kwa nini alijifunza lugha za watu ilhali mashine ipo. Katika sehemu hiyohiyo anaifungua nyotamkia kwa wimbo. Kisayansi ni upuuzi mtupu. Lakini kwa mara ya kwanza niliona meli nzima ikiokolewa na mtu wa kitivo chetu, na siwezi kujifanya sikufurahi.

Kasoro nyingine inazaliwa na hiyo, nami nitaipitia haraka: sayari moja, lugha moja. Waklingoni wote wanaongea Kiklingoni, toka ncha hii ya dola hadi ncha ile. Kati ya Lubumbashi na Kalemie tu, hesabu mwenyewe lugha utakazozipita barabarani. Kiklingoni chenyewe, lazima niseme, ni kazi ya heshima. Kiliundwa na Marc Okrand kwa ajili ya filamu ya mwaka 1984, na kamusi yake ikatoka mwaka 1985. Okrand alikuwa mwanaisimu aliyeandika tasnifu yake juu ya Kimutsun, lugha ya wenyeji wa California ambayo haikuwa na wasemaji tena. Alipoagizwa lugha ya wageni, aliipa utaratibu usio wa kawaida: yambwa mbele, kitenzi katikati, kiima mwisho. Leo programu ya Duolingo ina kozi ya Kiklingoni. Ya Kiswahili pia ipo. Tafuta humo Kihemba au Kisanga, kisha unipigie simu.

Sasa nije kwenye sehemu inayonifanya nisiache kutazama. Mwaka uleule wa 1991, miezi michache kabla ya Uhura kudhalilishwa katika filamu, Star Trek: The Next Generation ilionyesha «Darmok». Nahodha Picard anakutana na Watamari. Mashine ya kutafsiri inafanya kazi vizuri kabisa, kila neno linatoka. Hakuna anayeelewa chochote. Watamari husema kwa kutaja visa: mtu fulani, mahali fulani, alivyokuwa siku fulani. Wakishindwa wanamtaja Shaka na kuta zilizoanguka. Wakitoa zawadi wanamtaja Temba na mikono yake iliyonyooshwa. Asiyejua kisa anabaki na majina tu. Basi nahodha wa Watamari, Dathon, anamchukua Picard kwa nguvu hadi kwenye sayari yenye mnyama mkali, ili wapigane naye pamoja, kama mashujaa wawili wa kisa chao walivyofanya zamani. Anajaribu kuunda kisa kipya ambacho wote wawili watakuwa ndani yake. Kinamgharimu maisha. Usiku anapokata roho, Picard anamsimulia Gilgamesh na Enkidu, na mtu yule anasikiliza kama mgonjwa aliyepewa maji.

Nimeitazama mara nne au tano. Wenye isimu wana pingamizi, na ni la haki: mtoto wa Watamari anajifunzaje visa kama lugha haina maneno ya kawaida ya kuvisimulia? Fundi wao anaombaje spana namba 12? Nimejiuliza hayo pia. Hata hivyo, naona waandishi waligusa jambo ambalo sisi huku hatuhitaji kwenda angani kulikuta. Waluba walikuwa na lukasa, kibao cha mti kilichopambwa shanga na simbi, na watu wa chama cha Mbudye walikisoma kwa vidole: ushanga mmoja ni mfalme, mstari ni safari, kundi la shanga ni ikulu. Mpe kibao hicho mtu asiyefundishwa, ataona pambo. Nenda kwa Walega, utakuta Bwami, ambako kinyago kidogo cha pembe kinashikwa pamoja na methali yake, na bila methali kinyago hakisemi. Na katika maongezi yetu ya kila siku, ni mara ngapi mzee anasema nusu ya methali na kunyamaza, akijua nusu ya pili iko kichwani mwako? Mashine itaipata nusu ya kwanza. Ya pili haikutamkwa.

Hapa nina deni langu mwenyewe. Mwaka jana niliajiriwa kwa siku tatu na shirika moja lililokuwa likihoji watu waliopoteza mashamba kando ya machimbo. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu tu. Kutafsiri kuliachiwa simu, ili kupunguza gharama. Mgeni aliyeongoza mahojiano alikuwa kijana mpole, sina la kumlaumu kwa adabu. Siku ya pili tulimkuta mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye Kiswahili cha vitabuni. Alisikiliza maswali yote, kisha akasema: «Mkono mtupu haulambwi.» Simu ikatoa kwa Kifaransa kwamba mkono usio na kitu haulambwi. Hakuna neno hata moja lililokosewa. Mgeni aliutazama mkono wa mzee. Akafikiri kidogo, akaniambia niandike, kwenye safu ya mahitaji: chakula.

Mzee hakuomba chakula. Alikuwa anasema: hii ni mara ya tatu mnakuja kuuliza, mara zote mbili hamkurudi na jibu, basi msingoje shukrani zetu wala habari zetu. Nilielewa palepale. Jua lilikuwa linazama, gari lilikuwa linatungoja, na malipo yetu yalikuwa ya jioni ile. Niliandika chakula.

Kwa hiyo Dathon anapokufa kwenye sayari ile, sioni mambo ya wageni wa angani. Namwona mtu aliyejua kwamba maneno yamefika na maana haijafika, na ambaye hakukubali kupanda gari na kuondoka.

Tamthilia ya pili ninayoitetea ni The Expanse, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2015 hadi 2022, misimu sita. Mbali na hali yake ya kuheshimu fizikia kuliko wenzake wote, ina jambo ambalo sijaliona pengine: lugha iliyozaliwa na kazi. Binadamu wamegawanyika. Wako wa Dunia, wako wa Mirihi, na wako wale wa ukanda wa asteroidi, Wabelta, ambao vizazi kadhaa nyuma walichukuliwa kwenda kuchimba madini na barafu. Hewa wanalipia, maji wanalipia. Mababu zao walitoka kila pembe ya Dunia, na kwa kuwa walipaswa kufanya kazi pamoja bila kuuana, waliunda lugha. Mwanaisimu Nick Farmer aliitengeneza kama krioli: maji ni owkwa, ndugu ni beratna, neno lenye asili ya Kislavoni. Mimi ni mi, sisi ni milowda. Wewe ni to, ninyi ni tolowda. Watu wa Ukanda ni beltalowda. Wakitaka kuhakikisha umeelewa wanauliza sasa ke, na mara ya kwanza tuliposikia tuliruka sote sita, tukadhani wanatuuliza habari za sasa hivi. Wana ishara kubwa za mikono pia, maana kichwa ndani ya kofia ya anga hakionekani kikikubali wala kikikataa.

Msimu wa kwanza una askari wawili katika kituo cha Ceres. Miller ni Mbelta, amezaliwa humo, lakini anafanya kazi kwa kampuni ya ulinzi ya watu wa Dunia, na wenzake wanamwita welwala, msaliti. Havelock ni mgeni kutoka Dunia, na anajitahidi kujifunza lugha na ishara zake. Kwetu Katanga mtu kama Miller alikuwa na jina: kapita. Anayajua maneno ya wafanyakazi, mshahara wake unatoka upande mwingine. Na yuko Naomi, fundi wa meli, ambaye lafudhi yake hubadilika kulingana na nani yuko chumbani. Nani kati yetu hafanyi hivyo kati ya mlango wa nyumbani na mlango wa auditorio?

Nadhani hakuna watazamaji wanaopaswa kuielewa tamthilia hii kuliko watu wa mji huu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, Élisabethville ikafuata mwaka 1910. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, baadaye kutoka Rwanda na Burundi. Kiluba, Ciluba, Kibemba, Kinyarwanda, vyote katika kambi moja, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi ya watu ambao karibu wote hawakuzaliwa nayo. Watoto wao wakazaliwa nayo. Ndiyo maana tunasema bantu pale pwani wanaposema watu, na ndiyo maana tuna katoto na tutoto, ka- na tu- zilizotoka kwa Waluba na Wabemba.

Hapohapo naona kasoro ya The Expanse. Kibelta kinaonyeshwa kama lugha ya upinzani tu, lugha iliyochipuka chini, ya wanyonge, safi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, alionyesha kwamba mambo hayakuwa rahisi hivyo: watawala, wamisionari na kampuni nao walikuwa na mkono katika kukichagua Kiswahili, kukiandikia vitabu vidogo vya amri, kukielekeza. Lugha ileile ilikuwa ya kapita na ya mgomo. Katika misimu sita sikumsikia hata mhusika mmoja akiuliza ni ofisi gani ya Dunia iliyoona faida kwamba wachimbaji wawe na lugha moja. Na kuna jingine linaloniudhi zaidi. Mambo yanapokuwa mazito, Wabelta huteleza mara nyingi mno kwenda Kiingereza chenye lafudhi, ili mtazamaji asipotee. Lugha yao inabaki kwa salamu, matusi na vigelegele. Najua sababu, dakika hamsini zilezile. Lakini ni desturi ninayoifahamu: lugha ya soko kwa kucheka, lugha ya ofisi kwa kusaini.

Nawageukia walimu wetu, kwa heshima zote. Tunapomsifu Farmer kwa kubuni lugha ya wachimbaji yenye wingi wake na matamshi yake, na juma lilelile kalamu nyekundu inapita juu ya katoto katika insha ya mwanafunzi, mimi sijui kalamu inamsahihisha nani. Sisemi Kiswahili sanifu kisifundishwe. Makala hii yenyewe nimeiandika kwa sanifu, na ni mjomba peke yake niliyemwacha aongee kama tunavyoongea, jambo ambalo nilipolisoma upya lilinitia haya kidogo. Nasema kwamba mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu ya Kiswahili cha mji huu asiambiwe kwanza kwamba ni makosa.

Mjomba nilimwonyesha «Darmok» mwezi uliopita, kwa Kifaransa, kwenye simu yake ileile. Alitazama hadi mwisho bila kusema neno, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza: «Njo kusema alikufa ju bantu baelewane?» Nikamwambia ndiyo. Akasema ni upumbavu, nahodha hawezi kuacha meli yake namna ile, na kwamba simu ya miaka kumi ijayo ingeyamaliza yote hayo. Hatukukubaliana, tukalala.

Juma lililopita nilimpigia kumuuliza kuhusu nusu ya pili ya minerval. Alikaa kimya kidogo, nikasikia gari likipita nyuma yake. Akasema neno moja tu: «Shaka.»